Tusikilaumu Kitufe

Katika ofisi nyingi za mikoani limezuka katazo ambalo halikuandikwa popote, lakini linatiiwa kuliko nyaraka nyingi zilizoandikwa. Katazo lenyewe ni kwamba kompyuta ikiganda, mtumishi asithubutu kukishikilia kile kitufe cha kuwashia mpaka mashine izimike. Atakayefanya hivyo, yasemwa, ameiua mali ya umma. Basi karani hukaa mikono kifuani, akikitazama kioo kisichojibu, na mbele yake foleni ya wananchi waliokuja kulipa ada au kuchukua vyeti huzidi kurefuka. Fundi husubiriwa kutoka mjini. Pengine fundi hufika kesho yake, na jambo la kwanza alifanyalo ni kukishikilia kitufe kile kile.

Tungependa leo kulipima katazo hili, maana linawagharimu wananchi saa nyingi, na aghalabu linamtwisha mtumishi wa chini lawama isiyo yake. Kwa maoni yetu lina nusu ya ukweli. Kuzima kompyuta kwa nguvu kwaweza kuleta hasara, hilo hatulikatai. Lakini hasara hiyo haiko pale inapotafutwa.

Ieleweke kwanza kwamba kitufe hiki hakikuwekwa kwa bahati mbaya. Utaratibu wake umo katika kanuni zilizotolewa mwaka 1996 na makampuni ya Intel, Microsoft na Toshiba. Mtu akikibonyeza mara moja na kukiachia, mashine hupewa habari tu, nayo ikiwa bado ina fahamu zake hufuata amri iliyowekewa. Akikishikilia zaidi ya sekunde 4, umeme hukatwa bila mashine kuulizwa rai. Baadhi ya kompyuta za siku hizi hutaka kishikiliwe kwa sekunde 10 au zaidi. Waliotunga kanuni hiyo walijua kwamba itafika siku mashine haitasikia tena la mtu, na walitaka mwenyewe abaki na neno la mwisho.

Je, chuma chenyewe huumia? Zamani hofu hiyo ilikuwa na msingi. Kwa diski nyingi za kompyuta ndogo za mwanzo wa miaka ya 1980, mtumiaji makini alitoa amri maalumu kabla ya kuzima, ili kichwa cha kusomea kipelekwe mahali pa maegesho, kisije kikatua juu ya sahani na kuikwaruza. Mambo yamebadilika. Katika diski za kuzunguka, ambazo bado zimo katika kompyuta nyingi za mezani, sahani huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa huelea juu yake kwa mwanya mwembamba kuliko chembe ya moshi. Umeme ukikatika ghafla, sahani haisimami papo hapo. Huendelea kuzunguka kwa kasi iliyobaki, na mota yake, ambayo punde tu ilikuwa ikila umeme, hugeuka kuwa jenereta ndogo. Umeme huo kidogo ndio unaokivuta kichwa hadi mahali pa salama. Ni ufundi wa kusifiwa, mashine kuitumia pumzi yake ya mwisho kujiokoa. Ni kweli kwamba watengenezaji huruhusu mara chache zaidi za kuokolewa namna hii kuliko za kuzimwa kwa utaratibu, lakini chache hizo nazo huhesabiwa kwa maelfu. Mara moja kwa mwezi haiui diski.

Kinachoumia ni maandishi. Na hapa ndipo tungependa msomaji atuvumilie kidogo.

Chukua mfano wa karani wa masijala. Barua zinamjia mfululizo, naye hawezi kukimbilia kabatini kwa kila moja. Huziweka kwanza juu ya meza, kisha kila baada ya muda huzikusanya na kuziingiza katika majalada yake. Kompyuta hufanya vivyo hivyo. Meza yake ni ile kumbukumbu ya muda, ambayo hushika mambo kwa chaji ndogo mno za umeme zinazohitaji kuhuishwa kila baada ya sehemu 64 za elfu moja ya sekunde, la sivyo hufifia. Kabati lake ni diski. Katika mfumo wa Linux, kwa mfano, maandishi mapya yaweza kukaa mezani kwa nusu dakika hivi kabla ya kupelekwa kabatini, hata kama programu imekwisha kusema kwamba imeandika. Anayekata umeme katika nusu dakika hiyo amempukutishia karani meza yake yote chini. Akimkuta katikati ya kulifungua jalada, huenda kabati zima likavurugika, jalada moja likawa na jina la jingine, na ukurasa uliofutwa ukaendelea kuhesabiwa kuwa upo.

Uvurugikaji wa kabati zima ulikuwa janga la kawaida mpaka ilipoenea desturi ya kuweka daftari la kumbukumbu za kazi. Kabla ya kuligusa jalada lolote, mfumo huandika kwanza katika daftari hilo kile unachokusudia kufanya. Ukikatizwa, unapoamka husoma daftari na kuimaliza kazi au kuitangua. Windows NT ilikuja na mpango huo mwaka 1993, Linux ikaupata katika mfumo wake wa kawaida wa mafaili mwaka 2001, na kompyuta za Apple mwaka 2002. Tangu hapo, kuzima kwa nguvu mara moja hakulibomoi kabati. Lakini msomaji asije akafarijika kupita kiasi. Daftari hilo kwa kawaida hulinda mpangilio wa majalada, si lazima kila neno lililomo ndani. Aya tatu ulizoziandika bila kuzihifadhi hazimo daftarini wala kabatini. Na vile vijidiski vya kuchomeka, flashi, kwa kawaida havina daftari la namna hiyo kabisa. Ndiyo maana huharibika mapema vinapochomolewa kazi ikiendelea.

Diski mpya zisizozunguka nazo zina udhaifu wake. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State pamoja na maabara za kampuni ya HP walichukua diski 15 za aina hiyo na kuzikatia umeme ghafla tena na tena zikiwa kazini. Kati ya hizo 15, 13 zilionyesha kasoro, zikiwamo data zilizoharibika na zilizopotea. Diski hizi huhamisha-hamisha maandishi zenyewe kwa ndani na kuweka ramani ya mahali kila kitu kilipo, na ramani ikikatwa nusu, kilichopo huwa kama hakipo. Diski za gharama kubwa hupewa akiba ndogo ya umeme ya kumalizia kazi. Za bei nafuu, ambazo ndizo zinazonunuliwa sana, mara nyingi hazina.

Kwa hiyo swali la haki la kumwuliza karani ni kama mashine ilikuwa inaandika alipoizima. Mashine iliyoganda dakika kumi, taa ya diski imetulia, haisikii kipanya wala vitufe vya Ctrl, Alt na Delete vikibonyezwa pamoja, haiokoi chochote kwa kungojewa. Kilichokwisha kuhifadhiwa kimo diskini. Ambacho hakikuhifadhiwa kimenaswa ndani ya kumbukumbu isiyofikika, na hakitarudi hata fundi akija kwa ndege. Kumweka mwananchi kwenye benchi mpaka kesho kwa ajili ya maandishi ya namna hiyo ni kumwonea. Lakini taa ikiwa bado inapepesa, karani na asubiri, maana huenda mashine ina shughuli tu.

Linalotushangaza zaidi ni kwamba ofisi zinazokilinda kitufe hiki kama hazina ya taifa ndizo zile zile zisizo na betri ya akiba hata moja. Waliokuwapo Tanzania wakati wa migawo ya umeme ya mwaka 2006, ya mwaka 2011, na ile ya mwishoni mwa 2023, watakumbuka jinsi umeme ulivyokuwa ukikatika mchana wa kazi. Kwa kompyuta ya mezani, kila umeme unapokatika ni sawasawa na mtu kushikilia kitufe, tena bila kutazama taa ya diski kwanza. Na umeme unaporudi kwa kishindo, waweza kuunguza vifaa, jambo ambalo kitufe hakiwezi kamwe kulifanya. Lakini hatujasikia umeme ukiandikiwa barua ya onyo. Barua huandikiwa karani.

Alama za mitihani za wanafunzi wa darasa zima zikipotea, au daftari la wagonjwa la zahanati lisifunguke, anayeitwa kujieleza ni yule aliyeketi mbele ya mashine. Tunauliza: nakala ya pili ilikuwa wapi? Nani aliidhinisha fedha za mapazia na viti vya kuzunguka akaacha betri? Hayo ni ya wakuu wa ofisi, na wao ndio wanaopaswa kuyajibu. Watengenezaji wa programu nao hawakwepi. Tangu mwaka 2003, George Candea na Armando Fox wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa hoja kwamba programu ijengwe kwa kutarajia kuzimwa ghafla, kiasi kwamba kuzimwa huko kuwe ndiyo njia yake ya kawaida ya kusimama. Programu inayopoteza kazi ya asubuhi nzima kwa sababu ya sekunde moja ya giza ni programu mbovu, hata iwe imenunuliwa kwa bei gani.

Kuna mahali pamoja ambapo twaliunga mkono katazo bila kusita, nako ni pale mashine inapobadilisha ile programu yake ya ndani kabisa, inayoiamsha kila inapowashwa. Ikikatizwa hapo, huenda isiamke tena mpaka fundi aifungue. Kazi hiyo isianzwe siku ya mawingu ya radi wala siku ya mgawo.

Na baada ya kuzimwa kwa nguvu, mashine ikiwashwa huweza kuonyesha maandishi kwamba inaikagua diski yake. Yaweza kuchukua dakika, yaweza kuchukua saa. Wengi hukosa subira wakakishikilia kitufe mara ya pili, wakiikatiza mashine wakati ule hasa inapojitibu. Ikisema inakagua, iachwe ikague, hata kama foleni imefika barabarani.