KISA NA CHAMA
Maneno machache juu ya masimulizi yaongozayo watu katika nchi ya Marambo na jirani zake

Neno "kisa" katika Kiswahili lina maana mbili, na yafaa kuziangalia pamoja. Kisa ni habari isimuliwayo. Tena kisa ni sababu. Twasema, "Alinipa kisa chake chote," na vile vile twauliza, "Kisa cha ugomvi wao ni nini?" Neno "ngano" halina maana hiyo ya pili. Mtu akiulizwa ngano ya ugomvi atadhani twataka kuchekeshwa. Lakini akiulizwa kisa, atatueleza mambo yalivyokwenda, na katika kueleza atatuonyesha kwa nini yalikwenda hivyo.

Jambo hili lawahusu sana walimu na mapadre, na kila mtu aliyewekwa juu ya watu wengi wafanyao kazi moja. Maana watu waliokusanyika katika shule, au parokia, au chama cha wakulima, hawaendeshwi kwa amri tupu wala kwa ratiba iliyobandikwa mlangoni. Huendeshwa na kisa, yaani habari iwaambiayo wametoka wapi na kwa sababu gani wanafanya hivi na si vile. Kisa hicho kikiwa chema, amri chache zatosha. Nchi ya Marambo, yaani Nachingwea na Ruangwa, pamoja na jirani zake wa Masasi na Newala, imeona visa vya namna hii vingi, vya wenyeji na vya wageni. Ndiyo maana twauchukulia mfano.

Tuanze na jirani. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu Mjerumani wa makumbusho ya Leipzig, alisafiri katika nchi hizi akafika Mahuta, na huko akasimuliwa asili ya Wamakonde. Hapo kale alikuwako kiumbe akaaye porini peke yake, hajaoga wala kunyoa. Akachonga sanamu ya mti, akaisimamisha wima, na kulipokucha akaiona imekuwa mwanamke. Wakateremka mpaka Ruvuma, wakaoga, mwanamke akazaa mtoto mfu. Wakahamia upande wa Mbwemkuru, akazaa tena mtoto mfu. Mwisho wakapanda juu penye vichaka vya uwanda wa Makonde, na mtoto wa tatu akaishi. Basi yule mzee akawausia wana wake wasijenge mabondeni wala karibu na maji makuu, kwa kuwa huko yakaa magonjwa na mauti. Nyumba zao ziwe mbali na maji, mwendo wa saa nzima.

Tazama jinsi kisa hiki kifanyavyo kazi. Wosia ule ni mzito kweli kweli, maana anayeubeba zaidi ni mwanamke apandaye mlima na mtungi kichwani kila siku. Sheria kama hiyo ingetolewa na jumbe bila maelezo, isingedumu miaka miwili. Lakini imefungwa ndani ya habari ya watoto wawili waliokufa na mmoja aliyeishi, na kila mama aijua hofu hiyo bila kufundishwa. Sisi leo twajua kwamba mbu wa homa huzaliana katika maji yaliyotuama, na bila shaka urefu wa uwanda ule uliwakinga watu na wavamizi pia. Msimulizi hakuhitaji kuyataja hayo. Kisa chake kilikuwa na sababu ya kweli ndani yake, nao walioifuata waliweza kuijaribu kwa macho yao: aliyeshuka bondeni akaugua, wote walimwona.

Wamwera, ambao ndio wengi katika Marambo, wana mapokeo yao ya kutoka pande za Ziwa Nyasa, na ukoo wao wafuata upande wa mama, hata mjomba ndiye mwenye neno kubwa juu ya wapwa wake. Masimulizi ya ukoo ndiyo yamwonyeshayo kijana nani ni ndugu, nani aweza kumwoa, na shamba la nani alilime. Hayo msomaji ayajua. Lakini kuna jambo moja ambalo wageni hulidharau, nalo ni utani. Katika msiba, wenye ukoo huliinua jina la marehemu na kusimulia ukuu wa wazee wao. Ndipo huja mtani, mara nyingi mtu wa kabila ambalo zamani lilipigana nao, naye husema mbele ya wote kwamba marehemu alikuwa mchoyo, na kwamba babu yake alikimbia vita akaacha mkuki. Watu hucheka, wala hakuna awezaye kumkasirikia. Mimi namwona mtani huyu kuwa kama mkaguzi wa hesabu. Ukoo una haki ya kujisifu, lakini sifa zake husomwa mbele ya mtu mwenye haki ya kuzikosoa.

Mwaka 1905 kilipita katika nchi hii kisa kilichokuwa na nguvu kupita vyote, nacho hakikuwa na mtani. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alisemekana kuingia katika kidimbwi na kutoka siku ya pili akiwa mkavu, amepewa na Hongo dawa ya maji itakayogeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Bila karani wala barua, habari hiyo iliwaunganisha Wamatumbi, Wangindo, Wamwera, Wangoni na wengine ambao hawakuwa wamewahi kuwa na mkuu mmoja. Misheni za Nyangao, Lukuledi na Masasi zilichomwa, na Askofu Cassian Spiss aliuawa pamoja na wenzake karibu na Liwale mwezi wa Agosti. Kinjikitile mwenyewe alikuwa amekwisha kunyongwa huko Mohoro mapema mwezi ule ule. Risasi hazikugeuka maji. Walakini kila mtu alipoanguka ilisemwa kwamba amevunja mwiko, na kwa sababu hiyo kisa hakikuweza kushindwa na jambo lo lote lionekanalo. Ujasiri wa watu wale haukuwa mdogo, na udhia wa kulimishwa pamba kwa nguvu ulikuwa wa kweli. Lililopungua ni mlango wa kuingizia habari mbaya.

Mtu asidhani kwamba upungufu huu ni wa wasiosoma tu. Miaka arobaini na moja baadaye ulikuja Marambo kwa ndege, umeandikwa kwa mashine.

Baada ya vita kuu ya pili Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkubwa wa kampuni ya United Africa, alitoa shauri la kulima karanga kwa mashine katika Afrika ya Mashariki. Serikali ikamtuma John Wakefield na wenzake wawili kuikagua nchi, nao sehemu kubwa ya safari yao waliifanya kwa ndege. Taarifa yao ilitaka mashamba 107, kila moja la eka 30,000, yaani eka zaidi ya milioni tatu, na sehemu kubwa yake iwe katika Jimbo la Kusini. Hakuna shamba la majaribio lililolimwa kwanza. Ilisemwa kwamba haja ya mafuta haiwezi kungoja.

Mwandishi wa makala hii aona kwamba hesabu hizo, ingawa zilipangwa katika safu nzuri, zilikuwa ni kisa kama kile cha maji. Zilisimulia jinsi pori litakavyoshindwa na matrekta kama adui alivyoshindwa na vifaru, na wengi wa wale waliokuja walikuwa wametoka jeshini, wakazungumza lugha ya vita. Hata vifaru vyenyewe viligeuzwa kuwa matrekta. Kazi ilianzia Kongwa mwaka 1947. Ilikusudiwa kulimwa eka 150,000 mwaka wa kwanza. Zilizopandwa zilikuwa 7,500 hivi. Udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi huwa mgumu kama sakafu, na mvua yake haitegemeki. Wagogo waliokaa hapo walilijua hilo na walilima kwa kadiri yake, lakini maarifa yao hayakuwa na safu katika taarifa.

Huku Nachingwea mvua ni nzuri zaidi, na wako waliosema tangu mwanzo kwamba ingefaa kuanza hapa. Lakini hapakuwa na bandari wala reli. Basi ikajengwa bandari mpya Mtwara na reli ya kuja bara mpaka Nachingwea, mji ukaota porini, matingatinga yakang'oa miti. Mwezi wa Januari 1951 Serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango ule mkubwa, na pauni milioni 36 zikafutwa katika vitabu. Mashamba machache yaliendelea chini ya shirika dogo zaidi. Reli nayo, iliyojengwa kwa ajili ya karanga ambazo hazikupatikana, ilifungwa mapema katika miaka ya 1960.

Twaweza kuuliza kwa nini watu werevu, wenye mabwana shamba na wahandisi, walichelewa kuona. Alan Wood, aliyekuwa afisa wa habari wa shirika hilo, aliandika kitabu juu yake mwaka 1950. Sababu ni nyingi, za udongo, na za mashine kuukuu, na za vipuri. Lakini iko moja ihusuyo somo letu. Katika shirika lile kisa kilitoka juu kwenda chini. Kilikuwa kimekwisha kuambiwa Bunge na magazeti ya London, na aliyekuwa shambani akiona jembe limevunjika alikuwa na njia ya kuomba jembe jingine, lakini hakuwa na njia ya kusema kwamba kisa chenyewe si kweli.

Nchi ile ile iliyofyekwa ilikuja kusikia masimulizi ya namna nyingine. Chama cha Ukombozi wa Msumbiji, FRELIMO, kilichoundwa Dar es Salaam mwezi wa Juni 1962 chini ya Eduardo Mondlane, kilipata kambi ya mafunzo Kongwa, na tangu mwaka 1965 kambi yake kubwa ilikuwa Nachingwea. Walikuja humo Wamakonde, Wamakua, Wayao, na watu wa kusini mwa Msumbiji ambao lugha zao hazisikilizani. Jinsi ya kuwafanya jeshi moja lilikuwa swali gumu kuliko bunduki.

Mojawapo ya njia zilizotumika ilikuwa kusimulia mateso. Aliyekuja mgeni alisimama mbele ya wenzake akaeleza yaliyompata yeye na wazazi wake: kazi ya kulazimishwa, kodi, pamba iliyolimwa kwa viboko na kununuliwa kwa bei ya chini. Kisha alisimama mwingine wa jimbo la mbali, na ikaonekana kwamba kisa ni kile kile, majina tu ndiyo yaliyobadilika. Aliyekuwa amedhani kwamba taabu yake ni ya kijiji chake aliona kuwa ni ya nchi. Samora Machel, aliyeiongoza kambi na baada ya kifo cha Mondlane akawa rais wa chama mwaka 1970, alirudia kufundisha kwamba kabila sharti life ili taifa lizaliwe. Lakini nadhani mafundisho yake yasingeshika kama watu hawangekuwa wamekwisha kusikilizana wao kwa wao. Hapa kisa cha chama hakikushushwa kutoka juu kikiwa kimekamilika. Kiliunganishwa kwa vipande ambavyo kila mmoja alivileta.

Walakini historia ya kambi ile haiishii hapo, wala si haki kuikata katikati kwa kuwa nusu ya kwanza yapendeza. Mwezi wa Mei 1975, Msumbiji ikiwa karibu kupata uhuru, waliletwa mbele ya mkutano huko Nachingwea watu walioitwa wasaliti, na mmoja wao alikuwa Uria Simango, aliyekuwa zamani makamu wa rais wa chama, naye alikuwa mchungaji. Alisomeshwa maungamo marefu yaliyoandikwa. Baadaye yeye na wengine waliuawa bila kuhukumiwa na mahakama. Kwa macho ya mpita njia huenda mkutano ule ulifanana na ile ya zamani: mtu amesimama, anasimulia maisha yake, wenzake wanasikiliza. Tofauti ni kwamba wa kwanza alileta maneno yake mwenyewe, na wa pili alipewa.

Msomaji aliye na shule au parokia mkononi hana haja ya kwenda mbali kujipima. Masasi husimuliwa habari ya mwaka 1876, jinsi Askofu Edward Steere alivyotoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani, akiwaongoza kuelekea Nyasa walikotoka wengi wao, na jinsi walivyofika penye milima ile ya mawe wakaiona nchi kuwa njema, wakakaa. Kisa hiki chaweza kusimuliwa kama kazi ya Askofu, na mara nyingi husimuliwa hivyo siku ya kumbukumbu, na watoto hukariri jina lake. Chaweza pia kusimuliwa kama shauri la watu waliochoka na safari, ambao walikuwa wamenunuliwa na kuuzwa bila kuulizwa, na sasa kwa mara ya kwanza wakachagua mahali pa kulala. Mwalimu awaulize wanafunzi wake nani kati ya wazee wao awezaye kusimulia namna ya pili, kisha awaache waandike bila kuwasahihisha isipokuwa tahajia.