Msimpite Ng'ombe wa Nundu

Wajukuu zangu, mkipelekwa Ngongo, pale Lindi, kwenye maonesho ya wakulima na wafugaji ya Nanenane ya kanda yetu ya kusini, najua mtakakokimbilia. Mtaanza na matrekta, halafu asali, halafu mtasongamana mbele ya ng'ombe mkubwa wa maziwa mwenye mabaka meusi na meupe. Mtu atawatajia lita anazotoa kwa siku, nanyi mtashangaa na kupiga picha. Kando yake mara nyingi hufungwa ng'ombe mwingine, mfupi, mwekundu au mweusi au wa madoa, mwenye nundu begani na pembe fupi. Watu humpita kana kwamba ni nguzo ya banda. Huyo ndiye ninayetaka msimame kwake.

Jina lake kwenye vitabu ni zebu wa pembe fupi wa Tanzania. Sisi twamwita ng'ombe wa asili, na katika kila ng'ombe 100 wa nchi hii zaidi ya 90 ni wa asili. Lakini wasiwadanganye kwa wingi wao mkadhani wote ni wamoja. Wana koo zao. Kuna weupe wa Singida, wekundu wa Iringa, wa Mkalama wenye rangi ya udongo mkavu, wa Ugogo, wa Mbulu, wa Tarime, na wale wadogo wa Zanzibar. Kila ukoo ulijengwa na ardhi yake na watu wake, kwa miaka mingi sana ya kuchagua dume gani abaki zizini na yupi auzwe.

Mwombeni mwenyewe ruhusa, kisha msogeleeni ng'ombe kwa ubavuni, polepole, akiwaona. Angalieni ngozi. Nzi akitua, ngozi ya mahali pale pale hutetema na nzi huruka, mkia haujatikisika bado. Ni kwa sababu chini ya ngozi ile iliyolegea kuna msuli unaoichezesha. Nywele zake ni fupi, zimelala, zinang'aa. Kupe hapati mahali pazuri pa kujificha kama kwenye manyoya marefu. Ile ngozi inayoning'inia kuanzia kidevuni hadi kifuani humsaidia kupoza mwili, na jasho lake hutoka vizuri kuliko la ng'ombe wa Ulaya. Nundu ni nyama na mafuta. Muhimu zaidi, tazameni pua yake ile pana yenye unyevu. Ina mistari na vijivimbe vidogo vidogo, na hakuna ng'ombe wawili duniani wenye mistari inayofanana, kama vile nyinyi msivyofanana alama za vidole.

Sasa mtauliza, mbona mdogo hivi? Jike mzima wa asili mara nyingi huwa na kilo 200 hadi 250. Yule wa mabaka anaweza kufika 600. Fanyeni hesabu ya majani. Ng'ombe huhitaji kila siku chakula kikavu cha uzito wa karibu kilo 2 na nusu kwa kila kilo 100 za mwili wake. Kwa hiyo mdogo wetu anatosheka na kilo 5 au 6, na yule mkubwa anayekamuliwa anataka mara tatu ya hapo au zaidi, tena majani mazuri na pumba juu yake. Mwezi wa kumi, nyasi zikiwa zimekauka mpaka zinavunjika, nani atalala na njaa? Udogo wa ng'ombe huyu ni akili ya mwili. Anatoa lita moja au mbili tu baada ya ndama kupata chake, sikatai, lakini anazitoa kutoka kwenye majani ambayo mwenzake asingeyagusa.

Na ukoo wake una safari ndefu. Ng'ombe wa nundu asili yake ni Bara Hindi. Walifika Afrika kwa njia kadhaa, na mojawapo ni bahari hii hii mnayoogelea, wakija na majahazi ya pepo za kaskazi. Ila Afrika tayari ilikuwa na ng'ombe wake, wasio na nundu. Wanasayansi waliposoma vinasaba vya zebu wa Afrika walikuta jambo la ajabu: sehemu ile inayorithiwa kwa mama peke yake ni ya ng'ombe wa Afrika wa zamani, na ile inayopita kutoka kwa baba kwenda kwa mwanawe dume mara nyingi ni ya Bara Hindi. Maana yake ni kwamba madume wageni walishushwa pwani wakapandishwa kwa majike wenyeji, kizazi baada ya kizazi. Mswahili atakielewa kisa hicho upesi, maana hata pwani yenyewe ilijengwa hivyo.

Lakini huku kwetu Mtwara, ng'ombe walikuwa wachache tangu zamani. Uwanda wa Makonde una mchanga na vichaka vizito, na maji yalikuwa bondeni. Bibi zetu waliteremka mteremko mzima na mitungi na kupanda nayo kichwani. Mtu anayehangaikia ndoo ya kunywa atanywesheaje kundi? Juu ya hilo kuna mbung'o, nzi anayenyonya damu. Akimng'ata ng'ombe huweza kumtia vimelea vya nagana. Ng'ombe hukonda, damu hupungua, mimba hutoka, mwishowe hulala asiinuke. Wanyama wa porini kama nyati na pongo hubeba vimelea hivyo bila kuugua. Ng'ombe hana bahati hiyo, na hata huyu wetu wa nundu nagana humuua. Nisiwadanganye hapo.

Kuna mtu alikuja hapa hapa kwetu kulipima jambo hilo. David Livingstone, yule msafiri kutoka Uskochi, alifika mdomo wa Mto Ruvuma mwezi Machi 1866. Alitoka Bombay kupitia Zanzibar, na ndani ya jahazi alikuwa na ngamia 6, nyati wa kufugwa wa Bara Hindi 3 na ndama wao, baghala 2 na punda 4. Aliwaza kwamba, ikiwa nyati wa porini wa Afrika hamwogopi mbung'o, huenda nyati wa Bara Hindi naye atahimili, na ngamia vilevile, na hapo mizigo ya bara itabebwa na wanyama badala ya vichwa vya watu. Wazo halikuwa baya. Ila nyinyi mnaoijua mikoko ya pale mdomoni mnajua kilichofuata: hakuna mahali pa kumshusha ngamia. Ikabidi jahazi lirudi kaskazini hadi ghuba ya Mikindani, ndipo wanyama wakakanyaga nchi kavu.

Kabla ya safari kuanza, nyati mmoja alimpiga punda pembe vibaya mpaka ikabidi punda auawe, na nyati akakatwa ncha za pembe. Kisha wakaingia msituni. Ngamia ni mrefu na mzigo wake umetanuka, na vichaka vya Umakonde vimefungamana. Wakaajiriwa wenyeji wenye mashoka wafyeke njia. Mbung'o wakawang'ata wanyama njiani. Askari waliopewa kazi ya kuwachunga nao wakawa wanawapiga na kuwatwisha kupita kiasi. Wakaanza kufa, mmoja baada ya mwingine. Livingstone alilifikia Ziwa Nyasa tarehe 8 Agosti 1866, siku ambayo leo sisi twaiita Nanenane, na ngamia wake hakuwepo hata mmoja. Wala hakupata jibu lake, kwa sababu hakuweza kutenganisha kilichofanywa na nzi na kilichofanywa na fimbo. Ilibidi dunia ingoje miaka ya 1890, hadi daktari David Bruce alipoonyesha huko Zululand, Afrika Kusini, kwamba mbung'o ndiye anayehamisha vimelea.

Nawasimulia hayo kwa sababu ya wanyama wenyewe. Waliletwa kwa gharama kubwa, wakubwa, wenye sifa, na wakashindwa na pwani yetu katika miezi michache. Ndiyo maana nikimwona mtu anasifia mnyama kwa ukubwa tu, nawakumbuka ngamia wa Mikindani.

Vita na mbung'o havikuishia hapo. Kule Unguja wataalamu walimmaliza kabisa. Kati ya 1994 na 1997 waliwafuga mbung'o Tanga, wakawafanya madume wagumba kwa mionzi, wakawaachilia kisiwani kwa ndege, zaidi ya milioni 8. Majike wakapandwa na madume wasiozalisha, na mbung'o wa Unguja wakatoweka.

Na huku kusini mambo yamebadilika. Mwaka 2006 Serikali ilianza kuwaondoa wafugaji bonde la Usangu na Ihefu ili kuunusuru Mto Ruaha Mkuu, na wengi wakaelekezwa Lindi na Pwani. Ndipo makundi makubwa ya ng'ombe wa nundu, mengi ya Wasukuma, yalipoanza kuonekana katika nchi ya korosho na ufuta. Yamekuja na ugomvi pia. Mkulima akikuta mpunga umeliwa usiku hawezi kucheka. Lakini siku za Nanenane mkulima na mfugaji husimama kwenye uwanja mmoja, na mtoto wa mkulima anaweza kumshika ng'ombe kwa kamba mara ya kwanza maishani. Naipenda sana siku hiyo kwa sababu hiyo peke yake.

Kumwandaa ng'ombe wa asili kwa maonesho si kazi ya siku moja. Amezoea kutembea na kundi, si kusimama peke yake katikati ya vipaza sauti. Mwenyewe humzoesha kamba mapema, kila jioni kidogo, na humgusa miguu na masikio mpaka asishtuke. Afisa mifugo humkagua na kutoa kibali cha kumsafirisha. Husafirishwa alfajiri, kabla ya jua. Akifika hupewa maji kwanza, kisha majani, kisha huogeshwa. Hukaguliwa kupe nyuma ya masikio, chini ya mkia na kwenye mapaja, maana kupe mmoja aliyenona mbele ya mwamuzi ni aibu ya nyumba nzima.

Na mwamuzi mzuri humpimaje? Huzungusha utepe kifuani, nyuma ya miguu ya mbele, na kutoka hapo hukadiria uzito. Hufungua mdomo: ng'ombe hana meno ya mbele juu, ana 8 chini, na mawili ya kwanza ya utoto hubadilika akikaribia miaka miwili au miwili na nusu. Humtembeza aone kwato na magoti. Kisha, na hapa ndipo penye uzito kwangu, anapaswa kumgeukia mwenyewe na kumuuliza: amezaa mara ngapi? Ndama wangapi wamekua? Kiangazi kile kibaya alikula nini? Ng'ombe wa asili akisimamishwa kwenye mizani na ndoo ya maziwa peke yake, atashindwa kila mwaka. Akiulizwa maswali hayo, atawashinda wengi.

Mnadhani nakuza mambo? Sikilizeni kisa cha kondoo mwekundu wa Wamaasai. Ni kondoo wa Kenya na Tanzania, mdogo, na minyoo ya tumboni haimwangushi upesi. Miaka ya 1970 Kenya waliletewa kondoo wa Dorper kutoka Afrika Kusini, mkubwa, mwenye nyama nyingi. Wafugaji wengi wakapandisha madume ya Dorper bila kuacha akiba ya wekundu safi. Ukame na minyoo vilipokuja, wengi walijuta, na sasa kondoo mwekundu halisi anatafutwa kwa tochi.

Wengine waliwahi. Kule Kerala, kusini mwa Bara Hindi, kulikuwa na ng'ombe aitwaye Vechur, kimo chake kama sentimita 90 tu, pengine mdogo kuliko ng'ombe wote duniani. Sera za kupandisha madume ya kigeni zilikuwa zimekaribia kumfuta. Mwaka 1989 Profesa Sosamma Iype wa chuo kikuu cha kilimo cha huko, na wanafunzi wake, walizunguka vijijini kuwatafuta waliobaki, wakanunua wachache waliowapata na kuanza kuwazalisha. Wanafunzi, nasema, vijana wa kuwazidi nyinyi miaka michache tu. Leo Vechur yupo, na mwaka 2022 Serikali ya India ilimpa mama huyo nishani ya Padma Shri.

Kwa hiyo mkienda Ngongo chukueni daftari. Andikeni rangi ya ng'ombe, umbo la pembe, mviringo wa kifua, ametoka wilaya gani, mamaye alikuwa wa ukoo gani, ameshazaa mara ngapi. Mwenyewe atafurahi, maana wengi humuuliza bei tu. Mwakani rudini na daftari lile lile mumtafute ng'ombe yule yule. Pua yake itawaambia kama ni yeye. Na mkitaka kulijaza zaidi, Naliendele hapa Mtwara kuna kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Mifugo. Gongeni hodi, msalimieni mtakayemkuta, mwonyesheni mlichoandika.