Kuku wako wanapiga kelele? Usikimbilie kuwauza



Mwezi uliopita kijana mmoja anayefuga hapa Malinyi mjini alinipigia simu asubuhi na mapema. "Bwana mifugo, shikamoo. Nitafutie mteja, nauza kuku wote." Nikajua tayari mdondo umeingia. Kumbe kuku ni wazima kabisa. Jirani amelalamika kelele kwa mwenyekiti wa kitongoji, na kijana kapewa siku 14 awaondoe.

Piga hesabu uone uchungu wake. Ana kuku wa mayai 120. Amewalisha miezi mitano bila kuokota hata yai moja, na sasa ndiyo wiki ya tatu tangu waanze kutaga. Kuku wa mayai anakula karibu gramu 120 kwa siku, kwa hiyo banda lake linameza zaidi ya kilo 14 za chakula kila siku. Ukimuuza kuku huyo kwa bei ya nyama wakati ndiyo kwanza anaanza kulipa, chakula chote cha miezi mitano umekitupa. Nikamwambia asiuze hata mmoja mpaka nifike. (Hapo nilikosea kidogo, utaona.)

Nilifika saa 2 asubuhi, nikageuza ndoo nikaikalia karibu na banda mpaka saa 4 na nusu. Sikufanya kitu zaidi ya kusikiliza. Nakushauri na wewe ufanye hivyo kabla hujanunua dawa wala kubomoa banda, maana kuku hapigi kelele bure.

Kelele ya kwanza niliyoisikia ilikuwa ya njaa. Kijana anaendesha bodaboda, akitoka alfajiri anarudi saa 4 ndipo anawapa chakula. Kuku wameamka saa 12. Saa nne nzima wanalia, na kila pikipiki ikipita wanadhani ni bosi wao, wanaanza upya! Vyombo vya maji vilikuwa viwili tu, vyote vikavu. Kwa joto la bonde hili kuku asiye na maji hatulii, na mayai yatapungua pia.

Ya pili ilikuwa viota. Kuku 120 walikuwa na viota 8. Kiota kimoja kinatosha kuku 4 au 5, kwa hiyo alihitaji visivyopungua 24. Kuku wengi hutaga asubuhi, na wote wanataka kiota kwa wakati mmoja. Nilihesabu saba wamepanga foleni mbele ya kiota kimoja, wanadonoana na kupigiana makelele. Akishataga, kuku hutetea, ile "ko-ko-ko-kodeek" tunayoijua wote. Kutetea ni maumbile yake, hakuna namna ya kukuzuia. Kinachozuilika ni ile vurugu ya kabla. Akipata kiota chenye kigiza na pumba kavu, anaingia, anataga, anatetea dakika chache, basi.

Ya tatu, majogoo. Alikuwa nayo matano, yamebaki kwenye kuku chotara wa zamani. Nikamuuliza kazi yake nini. Akasema, "Si ili kuku watage?" Hapa naomba tuelewane vizuri maana hili nalisikia kuanzia Mtimbira mpaka Lupiro: mtetea anataga bila jogoo. Jogoo anahitajika kama unataka mayai ya kutotolesha vifaranga. Kama unauza mayai ya kula, jogoo anakula chakula chako na kukugombanisha na majirani. Ndiyo maana nasema nilikosea, majogoo yalitakiwa kuuzwa siku ileile.

Wengine watasema afunike banda liwe giza ili jogoo asijue kumekucha. Haisaidii sana. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, waliwaweka majogoo kwenye mwanga hafifu usiobadilika mchana na usiku, na bado yaliendelea kuwika alfajiri ilipokaribia. Jogoo ana saa yake mwilini. Halafu mmoja akiwika, mwenzake naye lazima ajibu, kwa hiyo matano ni kelele zaidi ya mara tano. Kama lazima uwe na jogoo, baki na mmoja, na usiku mlaze kwenye boksi la mbao lenye dari fupi, kwa sababu akiwika hunyoosha shingo. Atawika kidogo zaidi, ingawa hataacha. Acha matundu ya hewa ya kutosha, usije ukaniambia amekufa kwa joto.

Baada ya hapo nikaenda kwa jirani. Ni nesi, anafanya zamu za usiku. Anarudi asubuhi, analala saa 3, yaani muda uleule kuku wanapopanga foleni. Dirisha la chumba chake linatazamana na viota, hatua kama sita hivi. Nikamwambia, "Pole dada." Akasema, "Bwana mifugo, mimi sichukii kuku. Lakini nikilala hivi, nitakuja kumchoma mgonjwa sindano isiyo yake." Ningekuwa mimi, ningelalamika mapema zaidi. Tulipoendelea kuongea, likatoka na la pili: inzi. Mbolea ilikuwa imerundikwa ukutani kwake. Nimeshaona mara nyingi, mtu anataja kelele kumbe harufu ndiyo iliyomchosha kwanza.

Usijidanganye kwamba sheria iko upande wako. Kweli, mwaka 2019 kule Ufaransa majirani walimshtaki mwenye jogoo aitwaye Maurice, na mwenye jogoo akashinda. Hapa kwetu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inagusa kelele pia, na halmashauri zina sheria ndogo za ufugaji mjini. Kabla hujajenga banda, pita kwa mtendaji uulize.

Tulichofanya ni hivi. Majogoo yaliuzwa, na hela yake ikanunua vyombo vitatu vya maji na mbao. Viota vikafika 26, vikawekwa upande wa pili wa banda, mbali na dirisha la nesi. Chakula anajaza jioni kuku wakishapanda kwenye fito, kwenye vyombo vya kuning'inia ili panya wasifikie, na maji vilevile. Kuku wakishuka alfajiri wanakuta mezani tayari. Mbolea inaenda shambani kila wiki. Upande wa nesi tulipanga ukuta wa viroba vilivyojazwa maganda ya mpunga, ambayo kwenye mashine za kukobolea hapa yanatupwa tu. Ukuta huo unapunguza sauti kiasi, usitegemee miujiza. Vikague mara kwa mara, nyoka na panya wanapenda kujificha humo, na usiruhusu moto karibu.

Kijana alienda mwenyewe kwa nesi na trei ya mayai, akaomba radhi. Siku 14 zilipoisha, mwenyekiti alikuja, akasimama, akasikiliza, akasema atarudi baada ya mwezi. Kuku wako palepale.

Sasa kuna kelele usizotakiwa kuzinyamazisha kabisa. Kuku ana mlio wa hatari wa adui wa angani kama mwewe, na mwingine wa adui wa chini kama kenge, nguchiro au nyoka. Kelele za ghafla usiku, toka na tochi. Msimu wa mvua mara nyingi ni siafu, na siafu hawasubiri asubuhi. Ondoa kuku kwanza, kisha mwaga majivu ya moto kuzunguka banda. Na ukisikia kukoroma au kupiga chafya wakati kuku wamelala, huo ni ugonjwa wa njia ya hewa: tenga wagonjwa, piga simu kwa mtaalamu wa mifugo. Chanjo ya mdondo ya I-2, tone moja jichoni kila baada ya miezi 3, usiiache ipite.

Nesi bado analalamika kidogo. Juzi aliniambia kuna mtetea mmoja anatetea nusu saa nzima kila siku saa 4. Nimemwambia kijana amtafute, amfunge uzi mguuni tumjue.