Ushirikiano wa Taaluma Anuwai katika Nanoteknolojia Tumizi: Mfano wa Uondoaji wa Floraidi katika Maji ya Kunywa Kaskazini mwa Tanzania

Makala haya yanafafanua namna ushirikiano wa watafiti wa taaluma anuwai unavyojengwa katika nanoteknolojia tumizi, kwa kurejelea uondoaji wa floraidi katika maji ya kunywa kaskazini mwa Tanzania. Hoja inayojengwa ni kwamba ushirikiano huanza pale swali la utafiti linapoundwa. Mtaalamu anayealikwa baada ya chujio kukamilika huwa ameombwa kuidhinisha tu, hata kama jina lake litaandikwa miongoni mwa waandishi.

Miamba ya volkano inayouzunguka Mlima Meru huyeyusha floraidi katika chemchemi na visima. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kwa miaka mingi viwango vya Tanzania viliruhusu hadi miligramu 4, kwa kuwa wakazi wengi hawakuwa na chanzo kingine cha maji. Floraidi ikizidi, meno ya watoto hupata madoa ya kahawia, na kwa wanaoinywa kwa wingi kwa miaka mingi huathiri pia mifupa.

Nanoteknolojia inaingia hapa kwa sababu ya kimaumbile. Ioni ya floraidi ina nusukipenyo cha takribani nanomita 0.13, hivyo hupita katika vichujio vya kawaida kana kwamba havipo. Utando wenye matundu madogo mno unaweza kuizuia, ila huhitaji msukumo mkubwa wa maji, na kwa hiyo nishati na fedha. Njia nyingine ni kuinasa juu ya uso wa maada inayoivuta, na hapo ukubwa wa uso ndio unaoamua. Mchemraba wenye upande wa sentimita 1 una uso wa sentimita 6 za mraba. Ukikatwa kuwa michemraba yenye upande wa nanomita 1, jumla ya nyuso hizo hufikia mita 6,000 za mraba, ilhali maada ni ileile. Katika hatua hii mkemia ana haki ya kusema kwanza.

Tatizo ni kwamba mara nyingi husema peke yake hadi mwisho. Uwezo wa maada kunasa floraidi hupimwa kwa miligramu kwa kila gramu, aghalabu katika maji yaliyokenekwa na kutiwa floraidi maabarani. Maji ya Meru hayako hivyo. Yana bikaboneti nyingi, na hali yake ya alikali huzifanya nyuso za maada nyingi zielekee kuwa na chaji hasi, jambo linaloifukuza floraidi ambayo nayo ina chaji hasi. Mtaalamu wa maji ya ardhini anafahamu hilo kabla ya jaribio la kwanza. Akishirikishwa mwishoni, anachoweza kueleza ni kwa nini chujio limeshindwa.

Jiko lina fundisho zito zaidi. Katika sehemu nyingi za Tanzania, maharage na makande hupikwa kwa magadi ili yalainike upesi. Tafiti za afya ya kinywa zilizofanyika nchini zimeonesha kwamba baadhi ya magadi yana floraidi nyingi, na kwamba madoa ya meno yamekutwa hata kwa watoto wa maeneo ambayo maji yake yana floraidi kidogo. Kwa hiyo chujio linaweza kufaulu vipimo vyote vya kikemia, na mtoto akaendelea kula floraidi katika sahani yake. Anayeweza kuligundua hilo mapema ni mtafiti wa lishe au wa jamii anayemuuliza mama jinsi anavyopika.

Mfano wa karibu ni chujio lililobuniwa na mhandisi Askwar Hilonga wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, lililopata tuzo ya ubunifu wa kihandisi barani Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza mwaka 2015. Chujio hilo huunganisha mchanga na nanomaada zinazochaguliwa kulingana na uchafuzi wa maji ya mahali husika. Tuzo imezungumzwa sana. Lililo muhimu zaidi kwa makala haya ni hilo neno "mahali husika", kwa sababu linadai wajuzi wa mahali hapo wawepo tangu mwanzo.

Vikwazo vya kitaasisi si vigumu kuviona: mwandishi wa kwanza ni mmoja, na kupandishwa cheo hutegemea majarida ya fani. Kikwazo cha muda hakisemwi sana. Meno ya kudumu, ukiacha magego ya mwisho, hujengeka katika miaka minane hivi ya kwanza ya mtoto, ilhali utafiti wa uzamivu hupangiwa miaka michache tu. Watafiti wanahitaji kipimo cha pamoja kinachoonekana ndani ya muda huo, na kinachofaa zaidi ni miligramu za floraidi zinazoingia mwilini mwa mtoto kwa siku, kutoka katika maji na chakula. Kipimo hicho hakiwezi kukamilishwa na mkemia, mtaalamu wa lishe wala daktari wa meno akiwa peke yake. Kikikubaliwa kabla ya maombi ya fedha kuandikwa, bajeti yenyewe italazimika kuwa na fungu la kupima magadi, na fungu la kuamua maada iliyokwisha kunasa floraidi itatupwa wapi.