Pareto Haitaki Joto: Kwa Nini Ua la Mafinga Litagoma Mkula

Msimu wa pamba ukiisha, kwetu Mkula huanza msimu mwingine, wa kutafuta zao jipya. Safari hii baba mdogo ameshika pareto. Kuna mtu amempigia hesabu ya heka moja, akamwambia maua yananunuliwa kwa kilo, kiwanda kipo Mafinga, na miche inasafirishwa hata kwa basi. Pesa ya kununulia miche ni hiyohiyo ya pamba, ambayo ndiyo pia sare na madaftari ya wadogo zangu. Kwa hiyo aliponipigia simu, "wewe msomi unasemaje?", halikuwa swali la kujibiwa kwa slaidi za mhadhara. Najua hapa chuoni wengi mnapigiwa simu za aina hii, ndiyo maana jibu naliweka hadharani.

Pareto ni mgeni Afrika Mashariki. Asili yake ni Dalmatia, ukanda wa pwani ambao leo sehemu kubwa iko Kroatia. Kabla ya Vita Kuu ya Pili soko la dunia lilikuwa mikononi mwa Japani. Vita vilipokata biashara hiyo, Kenya, ambayo ilianza kuilima mwishoni mwa miaka ya 1920, ikachukua nafasi. Tanganyika nayo ikalima, na mpaka leo ukitaka kuiona nenda Mufindi, Makete au milima ya Mbeya. Angalia hiyo orodha: yote ni maeneo ya kuvaa sweta. Wala sio kwamba watu wa kanda nyingine ni wavivu.

Siri iko kwenye tumba. Mmea wa pareto hautoi tumba mpaka upitie usiku wa baridi, takriban nyuzi 16 au chini ya hapo, tena kwa wiki kadhaa mfululizo. Baridi ndiyo inauambia mmea uache majani uanze maua. Sasa mtu atasema, mbona hata Mkula Juni na Julai usiku tunajifunika blanketi? Ni kweli, ila mchana jua linarudi na karibu nyuzi 30, na joto la namna hiyo hufuta kazi ambayo usiku umeifanya. Mmea hautakufa. Hapo ndipo mtego ulipo, maana utastawi, utajaza majani ya kijani, na mkulima ataendelea kupalilia akiamini mambo yanakuja.

Kwa makadirio, pareto hupenda mwinuko wa mita 1,800 na kuendelea. Uso wa Ziwa Victoria uko kama mita 1,134, na sisi Mkula hatupandi mbali sana juu ya hapo. Hakuna mbolea inayoweza kuziba pengo hilo.

Na majani hayauziki. Sumu ya wadudu, yaani pairethrini, imejaa kwenye kichwa cha ua, hasa kwenye vijimbegu vyake, na ni kama asilimia moja au mbili tu ya uzito wa ua kavu. Mnunuzi hupima kiwango hicho ndipo apange bei. Sumu hiyo jua huivunja haraka. (Ndiyo sababu mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake kule Rothamsted, Uingereza, walitengeneza permethrini, nakala ya maabara inayovumilia mwanga. Hiyo ndiyo iliyoingia kwenye vyandarua, vikiwemo vilivyofumwa Arusha. Kumbe Mkula tunalala chini ya mjukuu wa ua hili kila usiku.)

Hata huko nyanda za juu si mteremko. Maua huchumwa kwa mkono, moja moja, kila baada ya wiki mbili tatu, na inahitajika kilo nne au zaidi za maua mabichi kupata kilo moja kavu. Mvua ikinyesha wakati wa kuanika, maua huota ukungu. Usiku ukigoma kuwa baridi mwaka fulani, tumba hupungua. Mkulima wa Mufindi mwenye baridi yake bado anacheza na hali ya hewa. Wewe wa Simiyu utakuwa unacheza bila mpira.

Sisemi zao geni halifai. Pamba yenyewe tunayolima ni aina iliyotoka Amerika, na alizeti vilevile. Ila hayo mawili yanachanua kwenye joto letu. Swali la kumuuliza muuza miche si bei ya kilo, ni hili: shamba lako lenye maua liko mita ngapi juu ya bahari?

Kama baba mdogo bado hajaridhika, anunue miche kumi, sio heka nzima. Aipande karibu na kisima, aimwagilie kiangazi chote, kisha mwezi wa tisa ahesabu maua.