Benki Ikifungwa, Amana Yako Iko Wapi?

Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilizifutia leseni benki tano kwa upungufu wa mtaji: Covenant, Efatha, na zile za wananchi na wakulima za Njombe, Meru na Kagera. Hadi leo nawasikia watu wakidai kwamba benki ikifungwa serikali hulipa zote, au zote zimekwenda na maji. Si hivyo wala vile.

Anayelipa kwanza ni Bodi ya Bima ya Amana. Wakati ule kikomo kilikuwa shilingi 1,500,000. Mwaka 2023 kikapandishwa hadi 7,500,000. Kikomo hicho ni cha mteja, si cha akaunti, hivyo kuzigawa fedha katika vitabu vitatu vya benki ileile hakusaidii kitu. Aliyekuwa na milioni 4 mwaka 2018 alistahili bima ya milioni moja na nusu. Zilizobaki humngoja mfilisi akusanye madeni na kuuza mali za benki. Hapo ndipo pana subira, maana wakopaji nao hawana haraka! Wenye hisa hungoja nyuma kabisa.

Waliokwama katika upatu wa DECI mwaka 2009 hawakuwa na bima hiyo, kwani DECI haikuwa benki.

Tena hakuna atakayekupigia hodi. Bodi hutangaza, nawe unakwenda kudai ukiwa na kitambulisho na kitabu cha akaunti. Mteja akiwa amefariki, huenda msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama.