Kiwanja Kitupu Mtaani Kwenu: Nenda Katoe Maoni



Katika miji yetu, na hasa Dar es Salaam, ni mitaa michache isiyo na kiwanja kitupu. Pengine ni eneo la wazi lililotengwa kwenye ramani za mipango miji tangu zamani, pengine ni mahali palipobomolewa nyumba au kuchimbwa mchanga. Siku moja hubandikwa tangazo kwenye ofisi ya Serikali ya Mtaa kwamba eneo linakusudiwa kuwa bustani ya wananchi, wakazi waje watoe maoni. Wanaokwenda huwa wachache, na mara nyingi ni wanaume wenye biashara karibu na hapo. Leo tueleze kwa nini kikao hicho kinahusu afya ya nyumba yako, na nini cha kusema ukifika.

Tuanze na kiwanja kikiachwa kilivyo. Mbu wa malaria hupenda maji yaliyotulia yanayopigwa na jua, hata ya kwenye alama za kwato za ng'ombe, na kutoka yai hadi mbu kamili ni wiki moja hadi mbili tu. Mbu wa dengue, homa iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, hana haja ya dimbwi. Yeye hutaga kwenye maji machache yaliyobaki katika tairi bovu, kopo au kifuu cha nazi, na huuma mchana wakati chandarua kimekunjwa. Mbu anayeeneza matende na mabusha huyapenda hata maji machafu. Kiwanja kimoja chenye taka chaweza kuwalea wote watatu. Ongeza na wale wanaojisaidia humo usiku, jambo ambalo Mtume (s.a.w.) ameonya kuwa huleta laana likifanywa njiani au kwenye kivuli cha watu. Nzi akitoka hapo haulizi chakula ni cha nani.

Upo na upande wa pili. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mtoto dakika 60 kila siku. Sisi matabibu humwambia mama mwenye kisukari au presha atembee nusu saa kila siku, naye huitikia kwa adabu. Atembee wapi? Barabarani anagombania njia na bodaboda, na uani hapana nafasi. Dawa tumempa, lakini nusu ya matibabu imebaki kwenye karatasi.

Mfano mzuri upo Cairo, Misri, jirani na Msikiti wa Al-Azhar. Pale Darassa palikuwa na eneo la hekta 30 hivi ambalo kwa takriban miaka 500 watu walimwaga vifusi na taka mpaka pakawa vilima. Mwaka 1984 Aga Khan alitangaza kuwa atagharimia bustani hapo, nayo ikafunguliwa 2005. Zaidi ya miaka 20! Udongo ulikuwa na chumvi nyingi kiasi cha miti kukataa, na matangi makubwa ya maji ya jiji ilibidi yajengwe chini yake. Walipofukua wakakuta ukuta wa zama za Salahuddin Al-Ayyubi.

Linalotuhusu zaidi ni mtaa wa Darb al-Ahmar, wa watu wa kipato kidogo, uliopakana na ukuta huo. Kazi haikuishia kwenye maua. Wakazi waliulizwa mahitaji yao, vijana wakafundishwa useremala na uashi, nyumba na misikiti ya kale ikakarabatiwa. Hata hivyo bustani ile imezungushiwa uzio na ina kiingilio. Kwa baba mwenye watoto sita hata kiingilio kidogo ni mzigo, kwa hiyo ulizeni mapema: mtaani kwetu kuingia kutakuwa bure?

Sasa tuje kwenye kikao chenyewe. Kwanza ombeni kuona ramani, mjue ardhi ni ya nani. Ikiwa ni waqfu, au pana makaburi, jambo hilo lirudishwe kwa masheikh na wasimamizi wa waqfu kabla ya mengine, kwani sharti la mwenye kuweka waqfu halivunjwi kwa kura za mkutano.

Kisha semeni juu ya maji. Mtaonyeshwa mchoro wenye maua na pengine bwawa la kurusha maji juu. Mimi bwawa hilo nalikataa kabisa. Pampu ikiharibika, na itaharibika, mmejengewa kitalu cha mbu. Ulizeni badala yake mvua za masika zitatokea wapi, na mtaro utaishia kwa nani. Vyoo viwe na maji ya kutosha ya kustanji, na ikiwekwa sehemu ya kutawadhia iwe na mfereji wake, la sivyo chini yake patakuwa tope mwaka mzima.

Wapo watakaotaka ukuta mrefu kwa ajili ya stara ya akina mama. Nia ni njema, lakini nyuma ya ukuta mrefu ndipo wavuta bangi hukaa. Nafuu ni mabenchi ya akina mama kando, karibu na michezo ya watoto, taa za kutosha, na njia ya kutembea inayoonekana kutoka pande zote. Miti ya kivuli ipandwe mwanzoni, maana mti ndio unaochelewa, na thawabu za mpandaji, kama Mtume (s.a.w.) alivyotufundisha, huendelea kila anapokula humo mtu, ndege au mnyama.

Halafu swali ambalo wakubwa hawalipendi: nani atafagia, nani atamwaga mapipa, na fedha zitatoka fungu gani?

Kikao kikiwekwa wakati wa Maghrib, ombeni kisogezwe. Dada zetu wasioweza kufika wakubaliane msikitini au madrasa, waandike maoni yao na kumpa mtu wa kuyasoma. Kabla ya kuondoka, hakikisheni yameingia kwenye muhtasari, na mwombe nakala yake.